Trekta Mbili Nyekundu za Mjomba

Ukitaka siku yako ipotee hivi hivi, unamwuliza Mjomba trekta ipi ni nzuri kati ya zile mbili. Hapo umekwisha. Chai itapoa, jua litahama upande huu wa uwanja mpaka ule, kuku wataanza kuingia bandani, naye bado anakueleza. Na mwisho wa yote, mgongo ukiwa umekuuma na mbu wameanza kukufaidi, alikuwa anapangusa mikono kwenye ovaroli na kusema, "Kwa hiyo, zinalingana."

Zinalingana! Jamani, hazikulingana hata kidogo. Ya kwanza ilikuwa na boneti ya mviringo, na taa zake zimetokeza pembeni. Ya pili boneti yake ilikuwa na kona, imenyooka, na taa zimezama usoni. Zote nyekundu, zote silinda tatu, zote za kiwanda kimoja, ila moja ilikuwa modeli ya thelathini na tano na nyingine ya mia thelathini na tano. Mjomba hakuzitaja kwa namba. Ile ya zamani aliiita Dada, na ile iliyomfuata aliiita Mdogo. Alizungumza habari zao kama watu wa nyumbani, na sisi tukazoea.

Sitaeleza Mjomba alizaliwa wapi wala ukoo wetu ulishuka kutoka mlima gani. Hayo wazee wa kijijini kwetu, Zombo, wanayasema vizuri kuliko mimi. Mimi namkumbuka mtu mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyopauka, anayenuka dizeli na udongo mbichi hata siku ya Jumapili. Nina kibanda changu cha chakula Mikumi, kando ya barabara kuu. Mchana, sufuria zikishaoshwa, huwa napitiwa na usingizi pale pale kwenye benchi. Malori yanapita, na humo usingizini namsikia Mjomba akiwasha trekta. Sijamwona uso, nasikia tu ngurumo, nami najiuliza, huyo ni Dada au ni Mdogo? Nikishtuka, namkuta dereva wa lori amesimama anaulizia wali maharage.

Hilo swali lilinihusu, tena sana. Kwetu sisi watu wa milima ya Kilosa, kwa mila za wazee, mali ya mwanamume haiendi kwa watoto wake. Inakwenda kwa watoto wa dada yake. Mjomba alikuwa na dada mmoja, mama yangu, na mama yangu alinizaa mimi peke yangu. Kwa mila, basi, trekta zote mbili zilikuwa zangu siku Mjomba atakapofumba macho. Lakini Mjomba alikuwa na binti, Foibe, ambaye ndiye aliyekaa naye miaka yote, akajifunza kulima na trekta mpaka akawa analima vizuri kuliko madereva wa kiume wanaojisifu kwenye vilabu. Haki yangu ilikuwa ya mila. Ya Foibe ilikuwa ya jasho.

Mjomba aliwaita wazee wa ukoo akawaambia waziwazi, "Moja ya mpwa wangu, moja ya binti yangu." Wazee waliguna. Mmoja akasema mila si shati la kukata vipande. Mjomba akatia ngumu. Walipochoka wakakubali, na yule yule aliyeguna sana akauliza, "Haya, ipi ya nani?"

"Zinalingana," akasema Mjomba. "Hakuna haraka."

Hakuna haraka! Mimi nilitaka Mdogo. Nililitaka lile dude mpaka nikawa naliota. Mama aliniachia shamba bondeni, kule kwenye udongo mweusi upande wa kijiji cha Ulaya, udongo unaoshika jembe la mkono ukakataa kuliachia. Trekta iliyoweza kuingia kule na plau la sahani tatu na kutoka bila kulalamika ilikuwa Mdogo. Dada alikuwa akifika katikati anaanza kuinua pua. Ningepata Mdogo, ningefunga kibanda, nikarudi kwetu nikalime, nikaacha kupuliza moshi kwa ajili ya matumbo ya watu wanaokwenda Tunduma. Na Foibe naye alitaka Mdogo, kwa sababu hakuwa mjinga.

Sasa sisi ni binamu, na kwetu binamu ni watani. Tuligombana kwa utani, miaka nenda miaka rudi. Alikuwa ananipigia simu kutoka shambani, ngurumo ikiwa nyuma yake. "We mpishi! Leo nimempanda mchumba wako Mdogo, nimemlimisha mpaka kaomba maji."

"Mshushe mchumba wangu haraka," namjibu. "Wewe bibi harusi wako ni yule kizee mwenye boneti ya kibyongo."

"Njoo umchukue, kama unajua gia ya kwanza iko wapi."

Tulicheka, lakini nikikata simu nilikuwa nasugua sufuria kwa hasira. Gia ya kwanza nilikuwa naijua. Mjomba alitufundisha wote wawili.

Alikuwa mtu wa kulinganisha, na alikuwa na hofu ya kupendelea. Alinganishavyo yeye, hakuna upande uliotoka na ushindi. Ukisema Mdogo ana nguvu, anakuambia Dada hanywi sana. Ukisema Dada anageuka padogo, anaweza kuingia hata kati ya migomba asivunje kitu, anakukumbusha kwamba Mdogo usukani wake ni mwepesi na mabega hayaumi jioni. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umelala mpaka mlangoni, Dada aliwaka mara moja na Mdogo alikohoa na kukataa. Lakini tope likiwa zito, Mdogo alipita na Dada akabaki anazungusha magurudumu. "Unaona?" anasema Mjomba. "Mungu hakumnyima mtu."

Tairi alinunua mbili mbili, hata kama iliyochakaa ni moja tu. Akimwosha Dada leo, kesho atamwosha Mdogo, na ndoo za maji ni zile zile. Akikusimulia jinsi Mdogo alivyolivuta lori la mkaa lililozama kwenye kivuko, jiandae, hadithi ya Dada inakuja. Kama Dada hakuwa na hadithi, Mjomba aliitunga. Nina hakika kabisa basi lililokwama njia ya Ulaya lilivutwa na Mdogo, kwa sababu nilikuwa ndani ya basi hilo na niliona boneti. Nilipomkumbusha, Mjomba alinitazama kwa huruma. "Mama," akasema, "kulikuwa na vumbi. Uliona vibaya."

Aliniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Kila nilipomwamkia, shikamoo Mjomba, alisimamisha kazi yote, akavua kofia, ndipo akajibu, "Marahaba, mama." Hata kama yuko chini ya trekta alitoka kwanza. Salamu ya uvunguni, alisema, ni dharau.

Kwa midomo yake, trekta ni chuma, na chuma ni chuma, hakina roho. Alilisema hilo kwa ukali, hasa mbele ya mchungaji. Halafu mvua ikianza unamwona anakimbia na kitenge cha marehemu mkewe kwenda kufunika kiti cha Dada, na gunia jipya kwenda kufunika cha Mdogo. Spana yake hukuazima, hata uje na wazazi wako. Lakini msimu ukianza, mjane asiye na mtu anaamka anakuta shamba lake limekwisha kulimwa, hakuna aliyemwomba. Kisha Mjomba ananuna wiki nzima kwamba yule mama hakumshukuru vya kutosha. Watu tulimjua. Tulikuwa tunawaambia wajane wamshukuru mara mbili.

Akiwa kwenye trekta hakupenda haraka. "Ardhi haikimbii," alikuwa anatuambia. Lakini mtembeze kwa miguu sasa! Kwenda naye kanisani ilikuwa adhabu. Unafika umelowa jasho, umevaa nguo ya Jumapili imekuwa kama ya kulimia, naye ameshakaa kwenye kwaya, mstari wa besi, anakutazama kwa nini umechelewa.

Jirani mmoja Msukuma, aliyehamia na ng'ombe wake karibu na bonde, alikuwa anakuja kumchokoza. Alikuwa analima kwa maksai, na alijivunia. "Mzee," alimwambia siku moja, "maksai wangu akizeeka, namchinja nakula nyama. Wewe Dada yako akizeeka utamla?" Mjomba alicheka mpaka akakaa chini, na maneno hayo aliyarudia kwa wageni miaka mingi. Lakini siku ile ile alikwenda kusimama kando ya shamba la yule jirani, akawatazama wale maksai wawili wakivuta mistari mitatu minne, kisha akatoa hukumu. "Wa kushoto mvivu, wa kulia ana kiburi. Zinalingana." Msukuma akamwambia watu hawasemi zinalingana, ng'ombe ni hawa, wanalingana. Mjomba akasema anajua, ni mazoea ya mdomo.

Kitu kilichompa sifa hasa ni masikio. Kila mwaka kabla ya mvua, siku plau zinapotolewa bandani, majirani walikuja nyumbani kwake na togwa, na ule mchezo ulichezwa. Mjomba anakaa kwenye kigoda, uso kwenye milima, mgongo kwa banda. Mtu yeyote anaingia bandani anawasha trekta moja, na Mjomba anataja jina. Hakuwahi kukosa. Alikuwa anataja kabla ngurumo haijatulia.

Watu walijaribu kila hila. Waliziba ekzosi kwa gunia, waliwasha zote mbili kisha wakazima moja. Mwaka mmoja Foibe na mimi, kwa mara ya pekee tukiwa upande mmoja, tulifungua ekzosi za trekta zote mbili tukazibadilisha. Tukawasha. Bega la Mjomba likatingishika kwa kicheko.

"Huyo ni Dada," akasema, "amevaa gauni la mdogo wake."

Watu walipiga vigelegele. Nilimwuliza baadaye anazitofautishaje, akanieleza kwa unyenyekevu kabisa, wala si kwa kujisifu. "Dada anasafisha koo kwanza, mama. Anakohoa kidogo, kama bibi anayetaka kusema jambo la maana. Mdogo yeye anaanza kusema kabla hujamaliza kumsalimia." Tangu siku hiyo nami nikawa nasikia. Ukishasikia, huwezi tena kutosikia.

Kuna asubuhi moja ambayo sijui kama ilikuwa kweli au nimeiunganisha na ndoto za benchini. Mama yangu bado yuko hai, tumekaa wawili kwenye ukingo wa shamba la bondeni na chupa ya chai. Ukungu umejaa, huoni hata mti wa jirani. Trekta zote mbili ziko humo ndani, Mjomba na Dada, Foibe na Mdogo, na hatuoni kitu, tunasikia tu. Ngurumo moja inakwenda kushoto, nyingine inakuja kulia, zinapishana katikati, zinaachana. Mara moja moja yangeyange wanatoka kwenye ukungu, weupe, kisha wanarudi kule kule kufuata wadudu kwenye udongo uliogeuzwa. Na katikati ya hizo ngurumo tunasikia sauti ya mtu anaongea peke yake, kwa Kisagara chetu, polepole.

"Kaka yangu anaongea na nani?" mama akauliza.

"Na Dada," nikasema.

Mama alikunywa chai yake. "Mimi ndiye dada," akasema, na akacheka, lakini nilimwona ameguswa. Chai ilikuwa na tangawizi. Hilo la tangawizi nalikumbuka vizuri, kwa hiyo nadhani ilikuwa kweli.

Mama alikufa. Mjomba akaanza kudhoofika, kwanza miguu, ile miguu ya mbio, kisha masikio. Tulijua kwa sababu ya salamu. Unamwamkia mara moja hajibu, mara mbili hajibu, unamzunguka mbele ndipo anavua kofia. Hakuna aliyelitaja jambo hilo. Mwaka huo mvua zilipokaribia, Foibe alisema plau zitolewe kimya kimya, mchezo usichezwe, watu wasiitwe. Mjomba hakuulizia. Nilikuwepo, na kutoulizia kwake kuliniuma sana.

Halafu Foibe akanipigia simu, bila utani hata kidogo. Nikajua kabla hajasema.

"Njoo," akasema. "Baba anataka kugawa."

Nilichukua bodaboda kutoka Mikumi asubuhi ile ile. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na barabara ya Zombo ilikuwa inatoa mvuke juani. Nitasema kweli, nilikuwa namlilia Mjomba na namwaza Mdogo kwa pamoja, na sikuweza kuvitenganisha.

Nilimkuta kwenye kigoda, uso kwenye milima, mgongo kwa banda, amejifunika kile kitenge cha kiti cha Dada. Nikazunguka mbele yake. "Shikamoo, Mjomba." Akavua kofia.

"Marahaba, mama. Kaa hapa, nikuone." Nikakaa kwenye kigogo mbele yake. Foibe alikuwa amesimama nyuma yake. "Nimechoka kusema zinalingana," akasema Mjomba. "Miaka yote natafuta namna ya kusema ipi ya nani, naona nitamwonea mmoja. Sasa Foibe aende bandani, awashe yoyote anayotaka. Nikimsikia nitamtaja jina, na nitasema ni wa nani. Anayebaki ni wa mwenzake. Hapo nitakuwa sikuchagua mimi, masikio yamechagua."

Foibe alinitazama juu ya kichwa cha baba yake. Tuliwaza kitu kimoja, naapa. Lakini akaenda.

Asubuhi ilikuwa ya unyevu, na Foibe aliwasha ile ambayo angeiwasha mtu yeyote asubuhi ya namna hiyo. Nikasikia ikisafisha koo. Ikakohoa kidogo, ikatulia. Mtu wa mtaa wa tatu angejua. Foibe akarudi, akasimama kando yangu, akipangusa mikono.

Mjomba aliinamisha kichwa upande mmoja. Ndege wa kwenye mihogo walikuwa wamekwisha kuizoea ngurumo, wakarudi.

"Mdogo," akasema. "Huyo ni Mdogo. Nampa mama."

Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa amenipa Mdogo, niliyemtaka maisha yangu yote. Na iliyokuwa inanguruma ilikuwa Dada. Foibe alikuwa na neno moja tu la kusema, baba, huyo ni Dada, naye Dada angekuwa wangu na Mdogo angekuwa wa Foibe. Lilikuwa neno la kweli, tena la haki. Jasho lake lote lilikuwa ndani ya neno hilo.

"Nimepatia?" akauliza Mjomba.

Nilimsikia Foibe akivuta pumzi. Nikasema moyoni, haya, imekwisha, na sikumlaumu.

"Umepatia, baba," akasema Foibe.

Mjomba akanigeukia mimi. "Nimepatia, mama?"

"Umepatia, Mjomba," nikasema, na machozi yalikuwa yanafika mdomoni. Sikulia kwa furaha, msinidhanie hivyo. Nililia kwa sababu ya Foibe, na kwa sababu ya masikio yale.

Alinitazama usoni, akayatazama machozi. Kisha akamtazama Foibe, ambaye alikuwa anatazama chini. Uso wake ukabadilika taratibu, na bega likaanza kutingishika.

"Waongo wakubwa ninyi," akasema. "Huyo ni Dada."

Foibe akainua uso, tukatazamana.

"Toka lini mmekubaliana jambo kuhusu hizi trekta? Eti? Foibe, umemtoa Mdogo hivi hivi, ili mimi nisiaibike. Na wewe mama, umepata ulichokitaka unalia nini?" Akaingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akatoa funguo mbili za akiba zilizofungwa pamoja kwa kamba ya mkonge, akazitupa mapajani mwangu, kisha akamwashiria Foibe akae pale pale nilipokaa mimi, kwenye kigogo kimoja. "Basi sigawi. Wazee wakiuliza, waambieni nimekataa. Shamba la mama lilimwe na Mdogo, Foibe amwendeshe. Migomba ailime Dada. Mkigombana, gombaneni huku mnalima."

Foibe mpaka leo anasema baba yake alijua tangu mwanzo, alitupima tu. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa mbele yake. Machozi yangu aliyaona kwanza, ndipo akajua, akacheka. Foibe sijamwambia, na nikimaliza kuyasema haya sitayasema tena.

Ngurumo ilikuwa bado inaendelea bandani. Dizeli si maji, hata siku kama ile mtu analiwaza hilo. Foibe akanipiga kiwiko, "Kazime." Nikamwambia, "Kazime wewe, ndiye uliyewasha." Hakuna aliyeinuka. Mjomba alikuwa amerudisha uso kwenye milima, kofia iko gotini, ameinamisha kichwa upande ule ule.

"Mwacheni," akasema. "Bado anasafisha koo."